Kufuli la Kisima cha Waaq

Maji yalianza kunuka maziwa Jumatatu, adhuhuri. Ustadh Abdiwahab alikuwa akitia udhu uani kwake, hapo Elwak. Akainamia birika, akanusa, akamwita mkewe.

"Khadro, umetia nini humu?"

"Maji tu, wallahi. Ya kisimani."

Ustadh huyu alijua dhambi za watu wengine kwa majina na kwa tarehe. Zake tu ndizo zilizompita. Hata jina la mji lilimkera. Elwak maana yake ni kisima cha Waaq, mungu wa mbinguni aliyeombwa na mababu kabla ya Uislamu, naye alishamwandikia chifu barua tatu akitaka jina libadilishwe. "Makafiri wale hawakujua halali wala haramu," aliwaambia watu msikitini. "Walikuwa fisi tu."

Jumamosi iliyotangulia, mfugaji mmoja aitwaye Filsan alifika kisimani na mbuzi wake, mtoto mgongoni, akamwaga maziwa kidogo ukingoni kabla ya kuteka, kama alivyofanya bibi yake. Ustadh akamwona. Alimfukuza hajateka hata kikombe, kisha akaufunga mfuniko wa chuma kwa kufuli. Tangu siku hiyo aliteka yule aliyempendeza Ustadh, basi.

Jumanne, Idil, binti wa Ustadh, mtoto wa miaka sita, akashindwa kunywa. Kikombe kilipomgusa mdomo maji yalirudi nyuma, yakapanda, yakamwagika upande wa pili. Maziwa vilevile. Muuguzi akamtundikia dripu, nayo ikagoma mrijani. Kufikia Alhamisi midomo ya mtoto ilikuwa imepasuka.

"Mtoto anatukaukia," Khadro alinong'ona. "Fanya kitu, baba Idil."

Ustadh akamwekea binti yake mkono kichwani, akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti, na alipofika katikati akasikia mtu mwingine anasoma pamoja naye, sauti nzito ya mzee, taratibu, nzuri kuliko yake, nayo ilikuwa inatoka kwa Idil ambaye midomo yake haikusogea hata kidogo.

"Rudia hapo," sauti ikasema. "Umekosea kuvuta herufi."

"Toka, jini wa Waaq! Mushriki we!"

Ikacheka. "Mimi nilisilimu kabla babu zako hawajasikia adhana. Kisima hicho nakilinda tangu enzi ile. Watu wale waliomba mti, waliomba nyota, ujinga mtupu. Lakini mwenye kiu hawakumfukuza. Walijua ni haramu, na hawakuwa na ustadh wa kuwafundisha. Mimi nilibadili dini, sheria ya kisima sikuibadili. Wewe umeshika nini, zaidi ya ufunguo? Mvua ikinyesha si unashangilia neema, 'barwaaqo'? Humo ndani ya neno unamtaja nani, mjinga wewe?"

"Nifanye nini?" Ustadh akauliza, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anauliza kweli.

"Mtekee yule mwanamke. Kwa mkono wako."

Akapanda pikipiki, akamkuta Filsan kwenye njia ya Takaba, akamsihi mpaka akarudi. Mji mzima ulitoka kutazama. Ustadh akafungua kufuli, akavuta ndoo baada ya ndoo, jasho likimtiririka, mbuzi wakanywa wakashiba. Hapo Khadro, aliyekuwa amempakata Idil kando, akapiga kelele. Mtoto alikuwa amekamata kikombe kwa mikono miwili, anakunywa, na maji yanashuka.

Ustadh alilia mbele ya watu bila aibu, kwa furaha tupu. Akajaza kikombe kingine, akampelekea Filsan.

"Chukua, abaayo, dada yangu. Mpe na mtoto wako."

Filsan hakukipokea.

"Kisima cha pili kilikuwa mbali," alisema. "Nimemzika juzi."

Idil akateremsha kikombe, akajifuta mdomo.

"Haya, Ustadh," ile sauti nzito ikasema. "Mhubirie."