Mgongo wa Babu Laurenti

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Lea alifagia uwanja, akawafungulia kuku, kisha akampelekea babu yake uji. Siku hizo kazi ilikuwa imeongezeka. Ilimbidi pia awapokee wageni waliokuja kutibu mgongo wa Babu.

Mgongo wenyewe ulikuwa mzima kabisa. Babu Laurenti, mkulima wa alizeti aliyejulikana Iguguno nzima kwa kupenda mazungumzo, alikuwa na saratani ya tezi dume. Alipoanza kupata shida ya kukojoa, mama yake Lea, Mwalimu Rebeka, alimpeleka hospitali. Madaktari walimpima damu, wakachukua vipande vidogo vya nyama ya tezi hiyo wakavipima, wakasema ugonjwa ungali mdogo na haujasambaa. Lakini Babu aliona aibu. Rafiki yake Calist, fundi baiskeli, alipomuuliza alikwenda hospitali kufuata nini, neno la kwanza lililomjia Babu lilikuwa "mgongo".

"Na wewe ukiulizwa, sema mgongo," alimwagiza Lea.

Lea alikuwa mtoto mtiifu, tena alimpenda sana babu yake. Akasema mgongo bombani, akasema mgongo shuleni, akasema mgongo kanisani. Haukupita muda, dawa zikaanza kumiminika. Mmoja alileta mafuta ya kondoo, mwingine majani ya kuchemsha. Calist alileta mpira wa baiskeli, akamfunga Babu kiunoni mpaka akawa anapumua kwa zamu. Bibi Anastasia, jirani yao, alimlaza kifudifudi kwenye mkeka, akamwamuru mjukuu wake mwenyewe, mtoto mnene, apande juu na kutembea taratibu. Mgongo ambao haukuwahi kumsumbua Babu tangu azaliwe, sasa ukaanza kumuuma kweli.

Siku ya kurudi kwa daktari, Lea aliombewa ruhusa shuleni ili aende nao. Babu hakuwa akisikia vizuri, na sauti aliyoizoea kuliko zote ilikuwa ya mjukuu wake.

"Mzee, kwa hali yako njia mbili zinafaa," daktari alisema. "Tunaweza kuiondoa tezi kwa upasuaji, au ukatibiwa kwa mionzi. Zote zina uzuri wake na usumbufu wake. Upasuaji utakulaza hapa siku chache, na kwa muda utapata shida ya kuzuia mkojo. Mionzi haikati mwili, lakini itabidi ukae jijini wiki kadhaa."

Lea alimrudishia Babu maneno yote sikioni. Babu akafikiri.

"Jijini nitakaa kwa nani?"

"Kwa shangazi Magdalena," Mwalimu Rebeka alijibu.

Magdalena alikuwa dada mkubwa wa Babu. Alipika mboga bila chumvi, na kila mgeni wake alitakiwa kuwa kitandani jua linapozama.

"Nifanyieni upasuaji," Babu alisema.

Daktari alicheka, kisha akamweleza tena mambo yote pole pole mpaka akahakikisha mzee ameelewa na hajachagua kwa kumkimbia dada yake tu. Babu alikuwa ameelewa. Akauliza kama ataweza kulima tena, akaambiwa ndiyo, akishapona vizuri. Kilichobaki kilikuwa kibali cha bima ya afya, kwa kuwa Babu alitibiwa kupitia bima ya binti yake.

Siku chache baadaye, simu ya Babu iliita. Ilikuwa saa mbaya. Calist alikuwa amekaa hapo kwenye benchi, na Bibi Anastasia alikuwa akipasha mafuta. Lea akapokea, kama alivyozoea.

"Napiga kutoka ofisi ya bima," alisema mama mmoja kwa upole. "Nahakikisha maelezo ya Mzee Laurenti. Alikwenda hospitali akiwa na tatizo gani?"

Lea akamnong'oneza Babu swali hilo, akamtazama. Babu akamtazama Calist. Kisha Babu akaushika mgongo wake na kuguna.

"Mgongo," Lea alisema.

"Mgongo? Hakuna tatizo lingine?"

"Mgongo tu, mama. Kwingine kote ni mzima kabisa."

Calist akatikisa kichwa kukubali. Babu akamkonyeza mjukuu wake kwa furaha.

Furaha hiyo haikukaa. Hospitali walimpigia Mwalimu Rebeka kumwambia kuwa ombi limerudishwa, kwa sababu maelezo ya daktari na ya familia hayapatani. Upasuaji usingepangwa mpaka jambo hilo linyooke. Mwalimu Rebeka alikaa chini akashika kichwa.

"Nani amewaambia mgongo?" aliuliza.

Lea angeweza kunyamaza. Lakini alikumbuka daktari alivyosema ugonjwa ungali mdogo, akawaza kuwa hautabaki mdogo kwa ajili ya kumsubiri yeye.

"Ni mimi, mama," alisema, machozi yakimtoka.

"Ni mimi niliyemtuma," Babu aliongeza kwa sauti ndogo.

Kesho yake walikwenda wote watatu ofisi ya bima, Singida mjini. Chumba kilijaa watu. Babu alisogea dirishani akanong'ona. Mama wa dirishani hakusikia. Babu akanong'ona tena, chini zaidi.

"Mzee, unasema una tende?" mama yule aliuliza.

Watu wakageuka. Babu akatoa jasho. Lea akamshika mkono, akamuuliza, "Babu, niseme?"

Babu akashusha pumzi. "Sema, mjukuu wangu."

"Shikamoo, mama," Lea alisema wazi. "Mlipopiga simu niliwadanganya. Babu hana tatizo la mgongo. Ana saratani ya tezi dume, imegunduliwa mapema, na anahitaji kibali atibiwe."

Kisha mzee mmoja nyuma yao akakohoa. "Samahani, ndugu yangu. Hicho kipimo cha kuigundua kinaanzaje?"

"Wanaanza na damu tu, ya mkononi," Babu alijibu. Mwingine akauliza dalili zake, mwingine akasogeza kiti. Babu, ambaye hakuwahi kupata wasikilizaji akawaacha waende, alieleza mpaka jina lake likaitwa mara mbili bila yeye kusikia.

Kibali kilitoka wiki hiyo. Upasuaji ulifanyika salama, na daktari akasema tezi yote imetoka, ingawa Babu ataendelea kupimwa mara kwa mara. Jioni aliporudi nyumbani alimwita Calist, akamwambia ukweli wote. Calist alinuna kwa muda, kisha akauliza hospitali wanafungua saa ngapi.

Lea alikuwa akisikiliza mlangoni. Mama yake akamwekea mkono begani.

"Si lazima mtu atangaze ugonjwa wake barabarani," alisema. "Hiyo ni siri yake, na wewe uliitunza kwa upendo. Lakini anayekutibu, na anayesaidia utibiwe, waambie ukweli wote, hata kama unaona aibu. Aibu inapita, mwanangu. Saratani ikiachwa haipiti."

"Hata Babu akiniambia nidanganye?"

"Hata nikikuambia," Babu alijibu kutoka kwenye benchi. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alisikia vizuri.