Mzee wa Kitanda cha Dirishani

"Wazee wa watu wote unawaita baba," jirani alimuuliza siku moja wakianua nguo, "wako mwenyewe yuko wapi, daktari?"

"Alishafariki," akajibu, akaendelea kukunja shuka.

Baba yake alikuwa hai, upande wa pili wa mji, akiosha vyoo vya soko. Kazi hiyo ndiyo iliyomsomesha binti mpaka akavaa koti jeupe. Lakini binti aliona haya. Mara ya pili aliusema uongo uleule kwa mtu aliyempenda.

Huyo alikutana naye katika wodi ya wazee, asubuhi, saa ambayo ndugu hujazana kuwaogesha wagonjwa wao. Kijana seremala, shati limejaa vumbi la mbao, alikuja mbio na beseni akammwagia daktari maji viatuni.

"Samahani jamani! Viatu vyako vimeoga kabla ya babu yangu."

"Basi lete na sabuni, umalize kazi."

Babu mwenyewe alicheka kitandani hadi akapaliwa. Kijana huyo watu walimwita Randa, na tangu siku ile simu hazikukatika.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Muongo wewe. Tumbo lako linanguruma nalisikia mpaka huku karakana."

"Hiyo ni misumeno yako!"

Randa alilelewa na babu tu. "Sisi yatima wawili," alipenda kusema, na daktari aligeuza mazungumzo haraka.

Ndipo watu wa soko walipomleta mzee aliyeteleza kazini akavunjika nyonga. Akalazwa kitanda cha dirishani. Daktari alikuwa amesimama na Randa bega kwa bega.

"Baba, ndugu zako wako wapi?" sista akauliza. "Nani atakuogesha?"

Mzee akamtazama binti yake. Binti akatazama chupa ya dripu. Mzee akamwangalia kijana aliyekuwa kando yake, akaelewa.

"Sina mtu, mwanangu," akamjibu sista.

"Una mimi," Randa akadakia. "Nikimaliza kwa babu nakuja kwako."

Na kweli akaja, kila asubuhi. Alimkanda miguu, akamsugua mgongo, wakataniana.

"Kijana, una mchumba wewe?"

"Ninaye, mzee. Yule pale mwenye koti."

"Ah. Mzuri." Mzee akafumba macho, povu likimtiririka shingoni. "Mtunze."

Daktari alisikia. Akaingia stoo ya mashuka, akajifungia, akalia mdomo umezibwa na kiganja. Mungu anaona, akasema moyoni. Alipotoka alimpima mzee mapigo kama mgonjwa yeyote, na mzee akamnong'oneza, "Usijali, mama. Kazi yako ni kubwa." Maneno hayo yalimchoma kuliko tusi.

Asubuhi moja Randa alimwita, mikono imelowa, uso unang'aa.

"Njoo, kipenzi. Nimewaza jambo. Nataka kukuoa, na babu ameshakubali. Sasa wewe huna baba, mzee huyu hana mtoto. Siku ya harusi asimame yeye upande wako. Unasemaje?"

Wodi nzima ikatega sikio. Mzee akageukia dirishani. Daktari akaona mabega yale membamba, na maji yakidondoka kutoka mkono wa mtu mwingine, si wake yeye binti.

"Randa," akasema, "baba ninaye."

"Si ulisema alifariki?"

"Ni huyu."

Randa akacheka kidogo, akingoja daktari naye acheke. Hakucheka.

"Mzee, ni kweli?"

"Maji yanapoa, mwanangu," mzee akasema.

"Nimekuuliza, ni kweli?"

Mzee akatikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mwenye kosa ni yeye.

Daktari akavua koti. Akapiga magoti sakafuni penye maji. "Baba, nisamehe," akasema, na safari hii kila kitanda kilisikia. Mkono wa mzee, wenye mapovu, ukashuka kichwani pake.

Kisha akainua uso kwa Randa. "Na wewe, mpenzi..."

Randa alikuwa amekamua kitambaa cha kuogeshea hadi tone la mwisho. Akamwekea daktari kiganjani, akamfunika babu yake shuka vizuri, akatoka wodini.