Kiti cha Ukutani

Kiti kilikuwa cha moto. Mama Kivuli alikishika mgongo ili akipanguse, saa moja asubuhi, jua halijafika uani wala mteja hajaingia, na mkono wake ukaruka kama uliogusa sufuria. Alikigeuza, akatazama chini yake. Plastiki tupu. Akakirudisha kwenye meza ya ukutani, akaenda zake jikoni, maana supu haijipiki.

Mtaa ule ulikuwa wa kuta ndefu na mageti yaliyofungwa. Watu walikula kwao, wakanywa kwao, na walipotaka kupunga upepo walisimama nyuma ya mageti yao kama walinzi. Mwaka mmoja baada ya kufiwa na mumewe, mama huyu alifungua geti lake, akatandaza turubai la kijani juu ya ua, akapanga meza nne, akaanza kuuza chai, supu, mayai na juisi. Wastaafu wakapata pa kusomea magazeti. Wanawake wenye watoto wachanga wakapata pa kuegemeza migongo. Hao ndio waliompa jina la Mama Kivuli, naye alilipenda kuliko lile alilozaliwa nalo.

Baada ya asubuhi ile mambo yakaenda kombo. Mwalimu mmoja mstaafu, mtu mpole ambaye kila siku humpakia mkewe siagi kwenye mkate, alikaa meza ya ukutani, na chai haijapoa akamtolea mkewe maneno ambayo hata nyumba ya tatu waliyasikia. Kisha akalia. Kesho yake wanawake wawili, mashoga wa siku nyingi, waliokuja kunywa juisi waliondoka wamechaniana nguo. Kila aliyeinuka pale aliinuka amekunja ngumi, na nyuma yake ilibaki harufu ya nywele zilizoungua.

"Wifi," alinong'ona dada wa marehemu mumewe, aliyekuwa akipika naye jikoni. "Meza ile ina mwenyewe."

"Inaye, ndiyo. Mwenyewe ni mimi."

"Nasema kweli. Nikipita pale nasikia mtu anavuta pumzi."

"Basi mwambie na yeye aagize chakula."

Hakuwa anatania. Alikuwa na hasira, na hasira yake haikuwa ya jana. Miaka kumi na minne alikuwa amepika kwenye majiko ya watu wengine, na sasa alipopata lake, wateja walikuwa wanapita upande wa pili wa barabara kama wanaokwepa maji machafu.

Siku ya sita, saa saba mchana, mtaa mzima umelala kwa joto, alimimina chai kikombe kimoja, akakiweka mezani mbele ya kile kiti, akakaa upande wa pili.

"Haya. Kama wewe ni mteja, kunywa. Kama si mteja, toka."

Turubai halikutikisika. Halafu akasikia sauti ndogo, ya midomo inayofyonza kitu cha moto kwa tahadhari, na alipoinamisha macho akaona chai inashuka ndani ya kikombe, funda kwa funda, pasipo mkono kukishika wala mdomo kukigusa, huku ile harufu ya nywele ikimjia puani kwa nguvu zaidi, na joto likivuka meza likampiga usoni kama mtu amefungua tanuri, na kiti kikalia polepole kwa uzito wa mtu anayejiweka sawa baada ya kushiba, hadi kikombe kikabaki na masimbi ya majani tu na yeye akabaki amekamata ukingo wa meza. Alitaka kupiga kelele. Kilichomtoka ni tusi.

Jioni hiyo hiyo wifi yake alikwenda kwa Bi Cherehani, mshonaji wa sare za shule ambaye watu humpelekea na mengine yasiyoshoneka. Mshonaji huyo alikuja kesho yake mchana, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Alifukiza ubani kidogo, akazunguka meza mara moja, akakiuliza kiti kwa sauti ya mtu anayeuliza saa:

"Nani kakuleta hapa?"

Aliyejibu alikuwa wifi. Alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na bakuli mkononi, macho yamemgeuka, na sauti iliyomtoka ilikuwa nzito, ya kiume, isiyo na haraka.

"Nimealikwa. Mwenye meza kasimama getini jua likiwa utosini, upawa mkononi. Kasema anayetaka kumtoa hapa asipate pa kukaa maisha yake yote, na atakayemsaidia, awe nani, atampa kiti na kumlisha. Mimi nimesaidia. Sasa nimekuja kudai kiti changu, na chakula changu ni hasira, na hapa ipo ya kutosha."

Bakuli likaanguka. Wifi naye akaanguka, na alipozinduka alikuta Mama Kivuli amemsimamia.

Mama Kivuli alikiri kwamba maneno yale aliyasema kweli. Arobaini ya mumewe haijafika, shemeji yake alikuja na lori kuhamisha vitanda na makabati, akidai nyumba ni ya ukoo, na yeye akamzuia getini kwa upawa wa supu mpaka lori likageuka.

"Na huyu kakusaidia vipi?" aliuliza Bi Cherehani. "Huyo shemeji yuko wapi?"

Wifi alijifuta uso kwa kanga. "Kaka yangu hakai," alisema taratibu. "Tangu mwaka jana. Akikaa kwenye kiti, kiti kinamuunguza. Akilala, kitanda kinamuunguza. Anazunguka chumbani usiku na mchana, analala amesimama, ameegemea kabati. Miguu imevimba hivi."

"Na ulikuwa unajua. Unakata vitunguu na mimi kila siku, na unajua."

"Ningekwambia, wifi, ungefurahi."

Angefurahi, na Mama Kivuli alijua.

Bi Cherehani akasema dawa ni moja. Mgonjwa aletwe, akalishwe kiti kile kile, na aliyesema neno alifute kwa ulimi wake. "Sikwambii usamehe," aliongeza. "Huyu hasomi moyo. Alisikia ulimi, na ulimi ndio atakaousikia."

Shemeji aliletwa siku ya pili yake, ameshikwa makwapa na wanaume wawili, miguu imefungwa matambara. Zamani alikuwa mtu wa kitambi na sauti. Sasa shati lilimning'inia kama lililoanikwa. Alisimama mbele ya kiti akitetemeka. Hakuomba radhi. Alitazama turubai, akatazama meza nne, akasema, "Umepapendezesha nyumbani kwa kaka yangu."

Damu ilimpanda Mama Kivuli hadi masikioni. Papo hapo harufu ya nywele ikajaa uani, kiti kikaanza kulia, vikombe kwenye trei vikagongana vyenyewe kwa vyenyewe, na joto likamzunguka kama mkono wa rafiki anayemnong'oneza kwamba neno moja tu linatosha, moja tu, na mtu huyu hatasimama tena wala kukaa, ataanguka hapo hapo kwenye sakafu ya nyumba aliyotaka kumnyang'anya, na hakuna atakayemlaumu, maana nani asingetaka.

Akafunga kinywa mpaka meno yakauma. Kisha akakifungua, akakiambia kiti:

"Neno nililolisema getini nimelifuta. Kiti nilichokupa nakichukua. Huna deni kwangu wala mimi kwako. Toka."

Turubai likavimba juu kama limepigwa ngumi kutoka chini, kamba moja ikakatika, geti likafunguka na kujibamiza. Halafu upepo wa kawaida ukapita, mwembamba, wenye harufu ya supu.

Shemeji alijishusha kwenye kiti kidogo kidogo. Makalio yalipofika, aliguna, akaegemeza kichwa ukutani, akalala papo hapo, mdomo wazi.

"Asante, wifi," alisema dada yake, akilia.

"Usinishukuru. Sijamsamehe, na sidhani kama nitamsamehe." Alichukua kitambaa, akaanza kupangusa meza ya jirani. "Mwache alale. Akiamka mpe supu. Akimaliza supu, atoke kwangu kwa miguu yake."

Mwanamume yule alilala mpaka alasiri, na muda wote huo Mama Kivuli hakuacha kumtazama.