Sauti Iliyokatwa Kwenye Utendi

— Mama yangu yuko wapi humu?

Fundi cherehani alikuwa akisikiliza rekodi ya babu yake. Alivua spika za masikioni, akazitupa juu ya shela aliyokuwa akiishona. Ilikuwa shela yake mwenyewe. Zilibaki siku tisa wafunge ndoa.

Mchumba wake, mtafiti wa fasihi simulizi, alisogeza kiti karibu. Majirani walimwita Vina, kwa kuhesabu vina hata kwenye matangazo ya sabuni.

— Niliisafisha rekodi kidogo, mpenzi. Babu yako ndiye fanani. Anatamba utendi, anamsifu shujaa, anarudia mstari wake kwa makusudi, hiyo tunaiita takriri. Wale wengine ni hadhira tu.

— Hadhira ndiyo nini?

— Wasikilizaji. Walikuwa wanamkatiza! Kila baada ya beti chache babu anauliza, "Mpo?" Kuna mtu anadakia, "Tupo, sema!"

— Huyo mtu ni mama! Tumeshamzika, Vina. Sauti yake haipo kwingine popote. Rekodi ya kwanza iko wapi?

Vina aliangalia viatu vyake.

— Niliifuta. Simu ilikuwa imejaa.

Fundi aliokota mkasi wake.

— Mimi sikati kitambaa cha mtu bila kumuuliza. Wewe umemkata mama yangu. Toka! Na hii shela naifumua.

Akaifumua kweli, mkono mmoja mzima. Siku tatu Vina alipiga, simu ikaita mpaka ikachoka yenyewe. Shangazi akaja kubembeleza.

— Mwanangu, hasira hasara.

— Hasara nimeshaipata, shangazi.

Siku ya nne uliingia ujumbe wa Vina: "Usinijibu, sikiliza tu. Siku ile ya kurekodi nilimtumia mwenzangu wa chuoni nakala. Leo nimemkumbuka, nimemwendea. Amenisema hadi nimeona aibu: ukiondoa hadhira, fanani anaongea na ukuta. Katika kitabu cha utafiti wangu nimeandika: Fanani, babu. Mwitikiaji, mama. Nisamehe."

Chini yake kulikuwa na sauti. Fundi aliibonyeza.

"Mpo?" aliuliza babu.

"Tupo, sema!" Mama alidakia, halafu akacheka kile kicheko chake cha puani.

Fundi aliinamia cherehani, akalia kwa sauti. Aliirudia mara sita.

Simu ikaita. Safari hii alipokea. Upande wa pili alisikia mtu akihema.

— Upo? aliuliza Vina.

Fundi aliitazama shela yenye mkono mmoja. Zilibaki siku tano. Akaivuta karibu, akatafuta sindano.

— Nipo, alijibu. Sema.