Kamera Iliyomtafuta Nito

Kila asubuhi Valdo alimwomba mama yake baraka kabla ya kutoka. "Mungu akubariki, mwanangu," alijibu Mama Edleuza. Kisha Valdo alipanda ngazi ndefu za mtaa wa Tamarindo, akaenda kazini kwa miguu. Alioka mikate upande wa pili wa mji. Treni ingemfikisha upesi. Lakini kituoni kulikuwa na kamera ya polisi, na kamera hiyo ilimdhania kuwa ndugu yake.

Ndugu yake aliitwa Nito. Walikuwa mapacha, wamefanana kama shilingi kwa ya pili. Nito alishtakiwa kwa wizi wa pikipiki. Hakufika mahakamani, alikwenda mbali kutafuta kazi ya ujenzi. Hakimu akatoa amri akamatwe. Kabla hajakamatwa, Nito alianguka kutoka juu ya jengo, akafa, akazikwa huko huko. Mama yake hakuuona mwili. Alichopata ni cheti cha kifo. Alikificha nyuma ya sanamu ya watakatifu mapacha, akakataza kisiguswe. Kwa hiyo mahakama haikupata habari, na amri ikabaki hai.

Valdo alisimamishwa kituoni mara kadhaa. Tangu hapo hakwenda tena ufukweni wala ngomani. Jumapili alikaa mlangoni, akisikiliza muziki wa nyumba za wengine.

"Wewe umekuwa mtawa?" rafiki yake Cléverton alimtania siku moja. "Twende ufukweni."

"Njia ya huko ina kamera."

"Kwani umeiba nini? Mimi hazinisumbui. Kabla hazijawekwa, niliporwa simu pale pale kituoni. Asiye na kosa haogopi."

"Na Valdo ana kosa gani?" aliuliza Taiane. Alikuwa jirani yao, mwanafunzi wa sheria, na alijitolea katika ofisi ya mawakili wa umma.

Cléverton alijikuna kichwa. "Sura yake. Na hiyo haina dawa."

Taiane alicheka kidogo, kisha akaketi karibu na Valdo. "Sikiliza, kaka. Kamera haimjui mtu. Polisi wana picha za watu wanaotafutwa. Kompyuta hulinganisha kila uso unaopita na picha hizo. Ikiona mfanano, hutoa onyo. Onyo hilo ni kisio tu, si ushahidi."

"Mimi nifanye nini, nibadili uso?"

"Usikimbie, wala usigombane. Onyesha kitambulisho. Uliza wanamtafuta nani. Omba wakupime alama za vidole, maana mapacha hawafanani vidole. Lakini dawa yenyewe ni kumpelekea hakimu cheti cha kifo, ili aifute ile amri. Mawakili wa umma watakusaidia bure."

"Mama hatakitoa."

Jioni hiyo alijaribu kumwomba. Mama Edleuza aliendelea kukunja nguo.

"Walipokusimamisha," aliuliza, "walimtaja kwa jina lake lote?"

"Ndiyo, mama. Lote."

"Kila mahali wameshamsahau, mwanangu. Ile kamera tu ndiyo bado inamtafuta."

Mama alikuwa akimtazama usoni, naye Valdo hakujua anatazamwa yeye au Nito.

Septemba ikafika, mwezi wa karamu ya watakatifu mapacha. Mama Edleuza alichemsha mawese na kamba wakavu kwa mchuzi wa bamia. Watoto saba wa jirani walikuwa wameshanawa, maana wao ndio hula kwanza, kwa mikono, kutoka bakuli moja. Bamia hazikutosha.

"Kimbia sokoni," mama alisema. "Panda treni, usiwakalishe watoto na njaa."

Valdo alikwenda. Wakati wa kurudi, askari wawili walimzuia kituoni.

"Josenilton?"

"Hapana, afande. Mimi ni Josevaldo. Josenilton alikuwa pacha wangu. Amefariki."

"Wote husema hivyo."

Alitoa kitambulisho. Aliomba apimwe vidole. Walimpeleka kwenye ofisi nyingine, akaambiwa angoje. Aliketi kwenye benchi, mfuko wa bamia mapajani. Watu walipita wakimtazama, kisha wakatazama pembeni. Jua lilipotua, alama za vidole zilionyesha kuwa si Nito, akaachiwa. Hakuna aliyemwomba radhi.

Nyumbani alikuta bakuli tupu na mawese yaliyopoa. Watoto walikuwa wamekwenda zao bila kula. Mama alikuwa mlangoni.

"Nilidhani nimewapoteza wote wawili," alisema.

"Wanamtafuta Nito, mama. Anayekamatwa ni mimi."

Mama Edleuza aliingia ndani. Alipeleka mkono nyuma ya sanamu.

Asubuhi walikwenda pamoja ofisini kwa Taiane. Wakili aliandika maombi mawili: amri ifutwe, na picha ya Nito iondolewe kwenye orodha ya kamera. Alidai pia jibu la maandishi. Mama alikishika cheti muda mrefu kabla ya kukitoa.

"Wakishamfuta, nani atamtaja?"

"Hilo sheria haiwezi, mama," Taiane alimjibu. "Hilo ni letu."

Jibu lilichelewa. Valdo alirudi kuuliza, akarudi tena. Hatimaye barua ilikuja: amri imefutwa, picha imeondolewa.

Cléverton alimsindikiza kituoni. "Mimi bado nazitaka kamera," alisema njiani. "Ila nataka awepo mtu wa kujibu zinapokosea."

Valdo alipita chini ya kamera. Hakuna aliyemzuia. Hakuna aliyemwita. Alisimama upande wa pili, watu wakimpita, akageuka nyuma kama mtu aliyemwacha mwenzake.

Siku hizi hupanda treni kwenda kazini, na Jumapili huenda ufukweni.

Septemba iliyofuata, bamia zilitosha. Watoto saba walikaa mkekani. Kabla hawajagusa chakula, Mama Edleuza aliweka mkono juu ya bakuli.

"Hiki ni chakula cha Josevaldo na Josenilton," alisema.

Mtoto mdogo kuliko wote alimtazama Valdo. "Josenilton ndiye nani?"

Valdo aliketi mkekani kando yake. "Kuleni," alisema. "Nitawaambia."