Abiria wa Kumi

Abiria wa kumi alijichagulia kiti mwenyewe, na hapo ndipo Naliaka alipoanza kuingiwa na wasiwasi, kwa sababu abiria wa kumi hakuwepo.

Naliaka alikuwa wakala wa safari pale Kitengela, ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo. Alikuwa amewapeleka watu Dubai na Guangzhou, na yeye mwenyewe hajapanda ndege hata ya kwenda Kisumu. Sasa alikuwa akiwapangia akina mama wa kanisa lao safari ya Yerusalemu. Nauli ya kikundi huanzia watu kumi, na akina mama walikuwa tisa. Basi akafanya jambo ambalo mawakala hulifanya na kulikana: akaingiza jina la kubuni lishikilie nafasi mpaka mtu wa kweli apatikane. Jina la Mwongeli alilitoa kwa muuza chai wa pale chini, la Kisemei akalisoma kwenye kibao cha bucha ng'ambo ya barabara ya Namanga. Akabonyeza, akaenda zake kunywa chai.

Kesho yake Mwongeli Kisemei alikuwa na kiti cha dirishani, kando ya kile cha Nasike, mama mzazi wa Naliaka. Chini ya jina palikuwa na ombi la chakula: kisitiwe chumvi.

"Hii system imeanza wazimu," Naliaka alinong'ona. Akalifuta ombi. Likarudi. Akalifuta tena, na chumba kikaanza kunuka majivu yaliyomwagiwa maji.

Alasiri mteja akaingia. Naliaka hakusikia hatua kwenye ngazi za chuma, ambazo hata paka akizipanda hupiga kelele. Alikuwa mwanamke mrefu, amejifunga leso mpaka puani kama mtu anayejikinga vumbi, na kiti alichokalia hakikulia.

"Supa," Naliaka alimsalimia. "Karibu. Nikusaidie aje?"

"Nimekuja kwa sababu ya safari yangu. Mimi ni Mwongeli Kisemei."

Naliaka alicheka kicheko cha mtu anayeomba iwe mzaha, halafu mazoea ya kazi yakamtoka mdomoni kabla hajafikiri. "Uko na pasipoti?"

Mgeni akaisukuma juu ya meza. Mahali pa picha palikuwa na shingo, mabega, na nywele zilizosukwa vizuri. Katikati ilikuwa ngozi tupu.

"Jina umenipa, asante," mgeni alisema polepole. "Nimekaa kwa hii nyika miaka mingi, mnajenga juu yangu, mnanimwagia maji ya sabuni, hakuna aliyewahi kuniita. Sasa ni sura ndiyo sina. Hao mama zako nitawajaribu mmoja mmoja. Nitaanza na yule wa Kajiado. Akinikataa, kuna yule wa kando yangu."

Leso ikaanza kuteleza, na Naliaka akafumba macho kwa nguvu huku harufu ya majivu ikimjaa kooni na pumzi baridi ikimpita shavuni, paji la uso, kidevuni, taratibu, kana kwamba anapimwa, mpaka breki za lori zikapiga kelele barabarani akafumbua macho na kuona kiti kitupu.

Akarukia kompyuta akamfuta Mwongeli Kisemei. Kabla hajapumua, simu ikaita. Alikuwa mkaza mwana wa Lorna, mwalimu mstaafu wa Kajiado, mmoja wa wale akina mama tisa.

"Mama ameanguka jikoni," alinong'ona. "Mdomo umepinda, jicho halifungi. Daktari anasema ni stroke. Lakini yeye anasema kuna mtu alikuwa anamvuta uso. Anamvuta kama mtu anajaribu nguo."

Naliaka akatazama kioo cha kompyuta. Jina lilikuwa limerudi, na kiti kilikuwa kilekile, kando ya mama yake.

Alimwendea Zipporah, kiongozi wa maombi kanisani kwao, ambaye wote humwita Mama Lemayian. Zipporah alifika ofisini, akanusa, akakataa kuketi.

"Mwanangu, wewe ndio ulimwita hapa."

"Sikujua, Mama Lemayian."

"Tutaomba. Lakini vunja hiyo safari yote. Asipate mahali pa kukaa. Na usimpe kitu chako, hata kidogo."

"Akina mama wameshashona sare. Mama yangu ameomba kuona Yordani tangu nikiwa mtoto."

"Vunja."

Waliomba mpaka harufu ikapungua, na Zipporah alipoondoka, Naliaka hakuvunja. Ungetamani kumshika mabega na kumtikisa! Lakini uwakala ulikuwa umemwingia damuni. Kabla tiketi hazijatolewa, jina moja kwenye kikundi huruhusiwa kuondolewa na lingine likaingia. Akawaza kwamba kiti kikipata mwenyewe, jini atakosa pa kukaa, na mama yake atakuwa salama. Akamtoa Mwongeli Kisemei, akaweka jina lake mwenyewe.

Jioni hiyohiyo mdomo wa Lorna ukarudi mahali pake. Kanisa zima likashangilia, na Naliaka akalia kwa furaha. Siku ya safari, Zipporah hakuja kuwaaga.

Kwenye uwanja wa ndege, wakingoja kuitwa, Naliaka alimpigia mumewe Wangila ili amsikie mtoto wao Linda kabla hajalala.

"Wewe ni nani?" Wangila aliuliza kwa sauti ya chini. "Na umetoa wapi simu ya bibi yangu?"

"Wangila, ni mimi. Naliaka."

"Wacha hiyo. Naliaka amerudi nyumbani saa hii, anasema aliibiwa simu huko airport. Ako hapa kwa kochi, amebeba mtoto."

Nyuma ya sauti ya Wangila, Naliaka aliisikia sauti yake mwenyewe ikiimba wimbo wa kumlaza Linda, na Linda akicheka. Kisha simu ikakatwa. Akajipapasa uso, hakuujua, na akakimbia kati ya viti akijikwaa kwenye mizigo ya watu mpaka akamfikia mama yake.

"Mama! Nishike, mama!"

Nasike akainua macho akamtazama vizuri, kwa ule upole ambao watu huwawekea wageni.

"Pole, dada. Uko sawa? Keti hapa," akasema, huku akichungulia nyuma yake. "Na unisaidie pia. Binti yangu alikuwa hapa saa hii tu. Umemwona akipita?"