Kikombe Kilichoandikwa "Nyekundu"

— Sema hapa mbele ya baba yako, Kamtong. Nani aliniambia niyachore maandishi haya?

Binti yangu Laisim alikuwa amesimama katikati ya karakana, ng'ambo ya mto wa Kantoni, mikono ina rangi mpaka viwikoni. Mezani vyombo vya ukoo mmoja wa Ulaya vimetoka tanurini, kila kimoja kimechorwa ngao, alama ya ukoo huo. Nahodha aliyeviagiza alikuwa amecheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Mkalimani wake ndiye aliyetueleza. Mchoro ulioletwa na meli ulikuwa wa wino mtupu, na ndani ya ngao wenye ukoo waliandika majina ya rangi za kupaka: huku "nyekundu", kule "buluu". Laisim akayachora maneno yenyewe, kwa dhahabu, herufi kwa herufi. Na jamani, ilikuwa kazi safi. Mkalimani alikiri mwandiko wa mwanangu umempita aliyeandika.

Sasa huyu Kamtong, mchumba wake, mtoto wa mzee Lau mwenye karakana, kutwa yuko bandarini anajisifu kujua lugha ya Wazungu. Laisim alimuuliza maandishi yale ni ya nini, mimi nipo hapo hapo nasaga rangi. Akajibu bila kufikiri kuwa ni jina la ukoo, asiache hata nukta. Leo mzee amefura, na keki za kutangazia posa majirani wameshazila.

— Mimi sijui kitu, alisema Kamtong, macho kwenye viatu. Wanawake huchora chochote wanachokiona.

Nilitaka kumrukia. Laisim akanishika mkono.

— Mwache, mama. Ameshajibu.

Akavua bangili ya posa, akaiweka mezani. Kisha akamwambia mzee Lau kwamba dhahabu itafutika kwa mchanga laini, rangi zitapakwa mahali pake, tanuri liwashwe tena. Mzee akakubali. Vilipotoka tena tanurini, nahodha alivichukua vyombo vyote, isipokuwa kikombe kimoja ambacho Laisim hakukifuta.

Ninyi wenye mabinti, msimpime mwanaume kwa anavyochekesha watu bandarini. Mtazameni siku jambo limeharibika, kidole chake kinamwelekea nani.

Baadaye Kamtong alikuja kwetu na bangili yake.

— Laisim, watu wananicheka. Ivae, yaishe.

Laisim akammiminia chai, akamsogezea kile kikombe.

— Soma.

— Unajua siwezi.

— Hata mimi siwezi. Lakini mimi niliuliza.

Kamtong alikunywa chai yote, maana kwetu mgeni haachi chai, akaondoka na bangili mfukoni.

Kikombe ninacho mimi. Akija wa kuposa, namwekea chai humo, namwuliza pameandikwa nini. Wawili wameshanisomea jina la ukoo. Namngoja atakayesema hajui.